Sarafu za Tabora kwenye meza za Berlin

Nikienda wikiendi kwenye soko la vitu vya kale la Straße des 17. Juni hapa Berlin, sina haja na sahani wala taa za zamani. Natafuta kopo la sarafu. Ukichambua kwa subira hukosi cha kwetu cha enzi ya Mjerumani: hela (Heller, sarafu ndogo za wakati huo) zenye tundu, rupia yenye kichwa cha Kaiser Wilhelm na kofia yake yenye ndege tai, na siku ukibahatika, hela 20 ya Tabora.

Vitu vya enzi ya Hitler sigusi. Wauzaji hubandika stika juu ya swastika kwa kuwa sheria hairuhusu kuionyesha hadharani, na bandia zimejaa tele. Mimi ni mtu wa Vita vya Kwanza, tena upande wa nyumbani.

Vita ilipoanza 1914 Waingereza walifunga bahari, na sarafu zilizokuwa zikitoka Ujerumani zikakatika. Mwaka 1916 Wajerumani wakaigeuza karakana ya reli ya Lulanguru, karibu na Tabora, kuwa kiwanda cha pesa. Maganda ya mizinga yakawa hela 5 na hela 20, dhahabu ya mgodi wa Sekenke ikawa rupia 15 yenye tembo. Tarehe 19 Septemba mwaka huohuo jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo likaingia Tabora.

Kwa hiyo ya Tabora ikiwa nzuri mno, itilie shaka. Hela 20 halisi ni sura mbaya: taji limefifia upande mmoja, duara halikukaa sawa, na ukiigeuza, upande wa pili umelala mshazari. Hata uzito hutofautiana kati ya moja na nyingine, maana karakana ya reli haikuwa na muda wa kupima. Lakini ubaya huo ni wa kitu kilichogongwa kwa mhuri wa chuma. Bandia nyingi zimemiminwa kwenye kalibu, na hapo lenzi ndogo hukusaidia: utaona vitundu vya hewa kati ya herufi, kona za herufi zimelainika kama sabuni iliyotumika, na kwenye ukingo kuna mstari pale nusu mbili za kalibu zilipoungana. Mimi huanza na ukingo. Wadanganyifu wengi huhangaika na sura.

Rupia 15 ni kesi nyingine, maana huuzwa maelfu ya euro. Ina gramu 7.168, robo tatu yake dhahabu. Weka glasi ya maji kwenye mizani ya sonara, irudishe kwenye sifuri, kisha izamishe sarafu kwa uzi bila kugusa chini. Mizani isome karibu nusu gramu, yaani uzito wa maji yaliyosukumwa na sarafu. Ikisoma 0.8, hiyo ni shaba iliyopakwa dhahabu, na pengine ulishashangaa mbona ni nene hivyo.

Noti za muda za 1915 hadi 1917 zilichapwa kwenye karatasi yoyote iliyopatikana, zile zilizotengenezwa porini zikapigwa kwa mihuri ya herufi za mpira, hivyo uchapaji mbovu si hoja ya kuzikataa. Zimulike kwa taa ya UV ya kukagulia noti. Karatasi ya kisasa mara nyingi hung'aa buluu kwa dawa ya weupe iliyoenea baada ya Vita vya Pili. Ya 1916 inabaki imenuna. Muuzaji mmoja alipoona noti yake inawaka kama disko, akaanza kunisimulia babu yake alivyopigana chini ya Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani huku kwetu. Nikamsikiliza hadi mwisho, nikamrudishia noti yake.

Nyumbani nako hawaniachi. Mjomba wangu wa Urambo ameshanitumia picha WhatsApp: "Mpwa wangu, tumepata rupia ya Mjerumani, kuna tajiri anatoa milioni mia. Eti inavuta mchele kama sumaku." Shikamoo mjomba, rupia ya madini ya fedha haivuti mchele, na ya kawaida hapa Berlin inapatikana kwa makumi ya euro tu. Tajiri huyo akianza kuomba "hela ya kipimo", mkimbie.

Wengine mkitaka nizitazame sarafu zenu, piga picha pande zote mbili na ukingo, mchana, karibu na rula, na andika uzito. Na jamani, msizisugue kwa majivu wala ndimu kabla ya kupiga picha. Mnunuzi wa huku anailipia ile rangi ya uzee, na ikishatoka hairudi.