Malaria Inayoshuka na Abiria Nairobi

Kila Januari, mabasi yanapowarejesha Nairobi waliokwenda kula Krismasi Siaya, Homa Bay na Busia, baadhi ya abiria hurudi na homa ambayo haikuanzia hapa. Jiji hili limeinuka zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya usiku huchelewesha ukuaji wa vimelea vya malaria ndani ya mbu, hata mbu wengi wakafa kabla hawajaweza kumwambukiza mtu. Ndiyo maana utafiti wa kitaifa wa mwaka 2020 ulikuta vimelea kwa asilimia 19 ya watoto waliopimwa ukanda wa ziwa, ilhali katika maeneo yenye hatari ndogo, Nairobi ikiwamo, hawakufika asilimia 1.

Wanaonitia wasiwasi si watalii, ambao mara nyingi huanza kumeza dawa za kinga kabla ya safari, bali ni sisi tunaokwenda kwetu. Aliyekulia Siaya huamini kwamba mwili wake umeizoea malaria, kumbe kinga ile hupungua akiishi mjini kwa miaka mingi, na wanawe waliozaliwa Nairobi hawajawahi kuwa nayo. Tena, ni nani hubeba chandarua akienda kwa mamake?

Mpwa wangu aliugua shule zikiwa zimeshafunguliwa na safari imeshasahaulika, kwa kuwa dalili za malaria kwa kawaida hujitokeza kati ya siku 7 na 30 baada ya kuumwa na mbu. Kwenye duka la dawa dada yangu aliuziwa dawa ya mafua bila kuulizwa walikotoka. Kesho yake mhudumu wa maabara alimdunga mtoto kidole, akadondosha damu kwenye kipimo cha haraka, na dakika 15 hazikwisha kabla mstari wa pili, ishara ya malaria, haujaonekana.

Lipo pia kosa la upande wa pili, ambalo huenda ndilo limeenea zaidi: mtu ambaye hajatoka Nairobi mwaka mzima huandikiwa dawa za malaria na taifodi kwa pamoja, bila kupimwa lolote.

Mwaka 2022 mbu aina ya Anopheles stephensi, anayependa kuzaliana kwenye matangi na mapipa ya maji, aligunduliwa Marsabit. Akistawi Nairobi, mji wa mgao wa maji ambako mapipa hayakosekani, kumuuliza mgonjwa alikosafiri hakutatosha tena, hata kama baridi itaendelea kuchelewesha vimelea ndani ya mbu.