Sungura aliyekuwa anagoma sindano: kilichosaidia

Kama una sungura unayemchoma sindano za penisilini nyumbani na anakupiga mateke, jaribu hivi. Wetu alikuwa na jipu shavuni. Daktari wa mifugo akaagiza sindano za chini ya ngozi, akanionyesha kipimo. Kumkandamiza hakukusaidia, na ni hatari: sungura akirusha miguu ya nyuma kwa nguvu anaweza kuvunjika uti wa mgongo. Karoti nayo, wapi!

Kumbe shida ilikuwa ubaridi. Dawa inakaa kwenye friji, na hapa Uyole, Mbeya, mwezi wa Julai hata maji ya ndoo yanauma meno. Sasa natikisa chupa, navuta dawa, natoa hewa, halafu nafumbata bomba la sindano kiganjani mpaka ubaridi uishe. Nabadilisha sindano, maana iliyopenya kizibo cha mpira imeshapungua makali. Namviringisha kwenye kanga, nainua ngozi ya mabegani kama hema, nachoma chini yake, nasukuma polepole. Jana hakuacha hata kutafuna.

Ila penisilini ya sungura ni ya kuchoma tu. Ukimnywesha inamvuruga tumbo, anaweza kufa.