Leo nimemshika Papa mkononi

Jamani, mikono bado inanitetemeka.

Mnajua Jumamosi zangu hapa Uingereza: mashambani na kile kimashine changu cha kunusa vyuma. Kawaida naambulia misumari.

Leo kimelia, nikachimba, nikatoa kipande cha madini ya risasi, kizito, cha mviringo, kikubwa kidogo kuliko kizibo cha soda.

Upande mmoja nyuso mbili. Paulo, ndevu zimechongoka. Petro, ndevu vidoti vidoti.

Nikageuza, nikafuta tope kwa kidole gumba. Herufi zikaibuka moja moja: INNOCENTIVS PP IIII.

PP ni kifupi cha Papa. Papa Inosenti wa Nne, mkuu wa Kanisa Katoliki 1243 hadi 1254!

Na hiyo nne ni vijiti vinne vimesimama, kama mtoto anayehesabu.

Ni muhuri wake, uliokuwa ukining'inia kwenye barua. Barua yenyewe ilishaoza zamani. Hebu nambieni, mnadhani alimwandikia nani huku?