Saa 412 za mtu asiyeupenda mchezo

Leo mchana nimekaa kusoma hakiki za mchezo mmoja wa video ninaotaka kuununua, na nimeinuka nikiwa njia panda, kwa sababu wahakiki wa majarida wameusifu mno ilhali wachezaji wa kawaida wanavutana.

Kilichonishika ni maoni ya mchezaji mmoja kwenye Steam, duka la mtandaoni la michezo ya video linaloonyesha saa ambazo kila mtoa maoni ameucheza mchezo husika.

Ameandika kwa ukali kwamba mchezo huo haufai hata bure.

Juu ya maneno yake: saa 412.

Nimecheka peke yangu, kisha nikayasoma upya kwa makini, maana huenda aliupenda hadi sasisho fulani likauharibu, na hilo hakuna mhakiki wa siku ya kwanza angeweza kuniambia.

Siwaoni wahakiki kuwa waongo. Tatizo mara nyingi ni kile walichopewa wakionje. Mchezo wa Cyberpunk 2077 ulipotoka Desemba 2020, nakala walizopewa mapema zilikuwa za kompyuta, hivyo sifa zikatangulia, na wenye PlayStation 4, mashine ya michezo ya kampuni ya Sony, wakakuta mchezo unaokwama na kuzima, hata Sony ikauondoa katika duka lake la mtandaoni mwezi huohuo.

Kwa hiyo alama za jumla nazipita haraka, natafuta kwanza mhakiki ametumia mashine gani.

Ndugu zangu wachezaji, ninyi humsikiliza nani kabla ya kulipa? Na huyu wa saa 412, mngemwamini?