Mjomba ana kelele, gari la chuo lina breki ya pili

Kulifanya gari la otomatiki liende ni kazi ya asubuhi moja. Mguu kwenye breki, gia D, achia taratibu, linatambaa. Ndiyo maana kijana akishazungushwa na mjomba Jumapili mbili tatu kwenye uwanja wa shule, chuo cha udereva anakiona cha kufuata cheti tu. Lakini kinachowaumiza madereva wapya ni kuchelewa kuona, na hilo uwanja mtupu haulifundishi.

Mwalimu anayejua kazi huanza na kiti. Kanyaga breki hadi mwisho: goti libaki limekunjika kidogo. Nyoosha mkono juu ya usukani: kifundo cha mkono kifike ukingoni bila mgongo kuachana na kiti. Kati ya kifua na usukani ziwepo angalau sentimita 25, maana eabegi, ule mfuko wa hewa ndani ya usukani, hufumuka kwa kishindo. Wanaolaza kiti kama wako ufukweni, siku ya dharura wanajisukuma nyuma badala ya kuisukuma pedali.

Halafu breki yenyewe. Magari mengi yanayotoka Japani yana ABS, mfumo unaozuia matairi yasijifunge ukikanyaga breki, ila wazee waliojifunzia magari ya zamani bado wanafundisha kupigapiga breki, kwa sababu enzi zao matairi yakijifunga gari lilikuwa linateleza na usukani haufui dafu. Kwenye ABS unakanyaga kwa nguvu zote, huachii, na unageuza usukani kukwepa. Pedali itatetemeka na kukoroma chini ya mguu. Asiyewahi kuusikia mtetemo huo hudhani gari linaharibika, anaachia mguu palepale alipopaswa kukaza. Dawa ni eneo la wazi, kilomita 40 kwa saa, mwalimu anasema "Simama!" ghafla, mara tano au sita.

Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari linameza mita 22 kila sekunde. Sekunde moja ya kushtuka, mita 22 zimeondoka na breki hujaigusa. Kwa hiyo gari la mbele likipita nguzo, hesabu "elfu moja na moja, elfu moja na mbili". Ukiifikia nguzo hujamaliza, umelisogelea mno. Mvua ikinyesha, hesabu hadi nne. Ndiyo, ukiacha nafasi daladala itachomekea. Punguza, anza kuhesabu upya. Inaudhi, lakini bampa lako linabaki zima.

Zoezi ninaloliamini kuliko yote halihitaji kifaa chochote: mwanafunzi anaendesha huku akitamka anachokiona. "Daladala imesimama, mtu anaweza kutokea mbele yake. Bodaboda kioo cha kushoto, sasa simwoni, yuko ubavuni. Mpira umevuka, mtoto anafuata." Siku za kwanza maneno huja hatari ikiwa imeshapita, au anataja magari tu na kusahau watu. Mwalimu anasikia kila kilichorukwa. Baada ya saa kadhaa maneno yanaanza kutangulia: anamtaja abiria kabla hajashuka, na mguu umeshahama kwenye mafuta bila kuambiwa. Mjomba hawezi kuyajua hayo kwa kumtazama mtu aliyenyamaza. Na akikosea, mwalimu ana pedali yake ya breki. Mjomba ana breki ya mkono na kelele.

Mteremko mrefu kama Kitonga ni somo fupi: teremka na gia ndogo, usining'inie kwenye breki hadi zichemke na kuishiwa nguvu, na kamwe usiweke nyutro.

Chuo nacho si kinga ya kila kitu. Norwei ilipolazimisha mafunzo ya kuliokoa gari linaloteleza, ajali za utelezi za vijana wa kiume ziliongezeka: walitoka darasani wakijiona mafundi, wakaongeza mwendo. Mwalimu anayejisifu kwa mbwembwe za usukani mkimbie.

Ukienda kuulizia chuo, bei iache iwe swali la mwisho. Uliza kama kuna somo la usiku na la mvua. Uliza pia mnapanda wangapi kwenye gari moja. Mkiwa watano ndani ya saa moja, kila mmoja anashika usukani dakika 12, na hapo foleni haijahesabiwa.