Bunduki ya Mashoto

Mjomba wangu ni mzaliwa wa Sikonge, Tabora, na chini ya jicho lake la kushoto ana vidoa vyeusi ambavyo sabuni haijawahi kuvitoa. Ni baruti. Ujanani alikuwa akiwinda kanga kwa gobole la baba yake, na kwa kuwa ni mtu wa mashoto, uso wake ulikaa upande uleule wenye fataki, kile kikombe kidogo cha kulipuka kinachowasha baruti kikigongwa. Nyundo ikishuka, cheche zinamrukia. Mazoea hayo hayakumtoka: kidole kikianza kuvuta, jicho linatangulia kufumba.

Septemba 2022, hapa Pennsylvania, Marekani, msimu wa kindi ukikaribia, alinipigia simu nimpeleke dukani. Kozi ya lazima ya wawindaji alishaimaliza, leseni anayo mfukoni. Alitaka bunduki moja tu ya zile risasi ndogo za .22, ya kindi na ya kulengea karatasi siku ambazo hana pa kwenda.

Muuzaji alianza na Ruger 10/22, bunduki inayojijaza yenyewe. Sikushangaa, maana hiyo imetengenezwa tangu 1964 na hapa karibu kila mwindaji amewahi kuishika. Nyuma ya duka kuna kiwanja cha shabaha, ukilipia unaruhusiwa kujaribu. Mjomba akaiweka bega la kushoto, akapiga. Bunduki ile hutema yenyewe ganda la risasi upande wa kulia, kwa hiyo likapita mbele ya pua yake. Alifumba macho. La pili vilevile. Tulipoileta karatasi, matundu yalikuwa yametapakaa kama mchele uliomwagika.

"Mpwa wangu, hii inanirudisha Sikonge," akasema, akaiweka mezani.

Ikaja bastola, Ruger Mark IV. Mimi niliipenda mara moja, maana unabonyeza kitufe kimoja nyuma inafunguka kwa kusafishwa, wakati zile za zamani kuziunga tena ni adhabu. Mikono ikiwa imenyooka, ganda huruka mbali na uso, na kweli mjomba hakufumba. Tatizo likawa lingine. Kwenye bastola vilengeo viwili vimekaribiana mno, mkono ukitikisika kidogo tu, risasi inakwenda kando kabisa kwa yadi 25. Isitoshe, muuzaji akatukumbusha kwamba kuwinda kwa bastola katika jimbo hili kunadai kibali cha ziada, ambacho mwindaji anaweza kukichukua kwa mweka hazina wa kaunti. Mjomba akacheka. Kindi gani atamngoja mzee wa miaka sitini atulize mkono?

Hapo ndipo muuzaji alipokwenda kuchimbua kwenye kona, akarudi na bunduki ya Savage ya boliti, yaani komeo la chuma unalolivuta kwa mkono, na boliti yenyewe iko kushoto. Ganda halitoki mpaka uivute boliti, tena linaangukia upande usio na uso. Baada ya risasi ya kwanza mjomba aliliokota, akaligeuzageuza. Kwenye ukingo wa kitako chake palikuwa na kibonyeo kidogo cha mstatili, pale sindano ya bunduki ilipogonga.

"Fataki iko wapi?"

Nikamwonyesha: imo ndani ya ule ukingo uliokunjwa, imefungiwa. Alitikisa kichwa, akajaza tena. Kufikia boksi la pili jicho lilikuwa linabaki wazi.

Risasi nazo tulizijaribu kwa yadi 50. Zile za kasi, karibu mita 376 kwa sekunde, zilitawanyika kuliko zile za polepole za mita 326, ambazo haziivuki kabisa kasi ya sauti. Akachukua za polepole. Fomu ikajazwa, polisi wa jimbo wakamkagua, tukalipa.

Msituni nililalamika. Kindi mnono alikaa juu ya tawi jembamba, hatua kama thelathini, na mjomba akashusha mtutu. Risasi za gobole, alisema, zilikuwa zinaishia palepale porini. Hii ya .22 inaweza kufika zaidi ya kilomita moja na nusu, na nyuma ya lile tawi palikuwa na anga tupu. Nikabisha kwamba huku hakuna watu. Akanishika bega, akanigeuza, akanionyesha paa la ghala chini ya mteremko ambalo sikuwa nimeliona.

Aliyefuata alijibandika kwenye shina la mwaloni. Huyo tulimla na wali.