Ukungu Kwenye GX 100 Nyeusi

Gari ilikuwa Mark II, ile tunayoiita GX 100, nyeusi tii. Mwenyewe alikuwa mwalimu mstaafu wa Magomeni, na alikuwa nayo tangu watoto wake wakiwa shule ya msingi. Mwaka 2016 binti yake wa mwisho alikuwa anaolewa, na mzee hakutaka kusikia habari za kukodi gari ya maharusi. "Gari hii imempeleka shule," aliniambia Jumatano asubuhi, "na ndiyo itakayomtoa nyumbani." Akanikabidhi ufunguo. Harusi ilikuwa Jumamosi.

Nilikuwa na miaka minne kwenye kazi ya kung'arisha magari, miwili ya mwisho nikitumia mashine yangu mwenyewe: nzito, ya kuzunguka moja kwa moja, na padi yake ya manyoya. Gari nyeusi nilishapiga kadhaa, nyingi za Kijerumani, ambazo klia yake, lile tabaka angavu la juu ya rangi, ni ngumu mpaka mkono unakufa ganzi. Hii ya mzee niliipokea kwa mazoea yale yale.

Nilipofungua boneti niliangalia kibao cha chuma. Kwenye sehemu ya rangi palikuwa na namba 202. Leo nikiiona namba hiyo najua kazi itakuwa ya siku mbili na nitahitaji taulo mpya. Siku ile ilikuwa namba tu. Ni nyeusi ya Toyota ya miaka mingi, haina chenga za kumetameta, na kwenye magari mengi ya zamani imepigwa bila klia juu yake. Unachogusa ni rangi yenyewe, nayo ni laini ajabu, hata kucha inaiachia alama. Nilipopitisha kompaundi, ile dawa ya kukwangua mikwaruzo, mara ya kwanza, padi ilitoka nyeusi kama imechovywa kwenye wino. Ilikuwa rangi ya gari ya mzee ikiondoka mikononi mwangu. Nikaongeza spidi.

Alhamisi saa sita usiku nilimaliza. Chini ya taa za tyubu gari ilikuwa kioo. Ule utando wa buibui ulioachwa na miaka ya kufutwa vumbi kwa vitambaa vikavu ulikuwa umekwisha wote. Nikalala pale pale kwenye benchi, moyo umetulia.

Ijumaa saa tatu asubuhi tuliisukuma nje. Jua likapiga boneti, boneti ikawa ya kijivu.

Haikuwa mikwaruzo ya kuhesabika. Ilikuwa kama mtu amepumulia kioo, halafu ile pumzi ikagoma kuondoka. Na nilipotembea kando ya gari, mistari mipana ya mwanga ilitembea na mimi, ikifuata kila njia ambayo mashine ilipita. Kijana niliyekuwa nafanya naye kazi alinyamaza, na kunyamaza kwake kuliniumiza kuliko kama angesema neno.

Nilimpigia kaka, mtoto wa mama mkubwa, aliyekuwa Muscat akifanya kazi hii hii kwa miaka mingi. Nikamtumia picha. Hakunilaumu.

"Huo ni ukungu, dogo. Ni mikwaruzo midogo isiyo na idadi, kila mmoja unatupa mwanga upande wake. Kwenye gari nyeupe usingeuona, maana rangi yenyewe inarudisha mwanga mwingi. Nyeusi inameza mwanga wote, kwa hiyo kile kidogo kinachotawanyika ndicho jicho linachokiona."

"Nifanyeje, kaka?"

"Toa hayo manyoya. Tafuta sponji laini kabisa, mpya, na polishi ya mwisho, ile nyepesi. Usihangaike na gari nzima. Chukua kipande kimoja, kama upana wa gazeti, uhangaike nacho mpaka kikubali. Sehemu nyingine ya gari itafuata."

Tukairudisha kivulini, maana bati lilikuwa limeshika moto na polishi ingekauka kabla haijafanya kazi. Kijana alikimbia Kariakoo kutafuta sponji. Mimi nikachagua pembe ya buti, nikaizungushia utepe wa karatasi.

Jaribio la kwanza lilipunguza ukungu, halikuuondoa. Nikampigia tena. "Unakandamiza?" akauliza. Nilikuwa nakandamiza. Kwenye rangi ngumu unalazimika, na mkono ulikuwa umeshazoea. Akaniambia niache mashine ikae kwa uzito wake, sponji ilale bapa bila kuinuka ukingo hata kidogo, spidi ya chini kabisa, mizunguko kama 600 kwa dakika, na nisogee polepole. Matone mawili ya polishi, si zaidi. Na kila baada ya kipande kimoja nisafishe sponji, kwa sababu rangi iliyotolewa inaganda humo, na ile ndiyo inayorudi kukwaruza.

Jaribio la pili ndilo ninalolikumbuka kuliko yote. Nilizima mashine, nikawasha tochi ya simu, nikainama mpaka pua ikakaribia bati. Chini ya filamu nyembamba ya polishi kulikuwa kweusi kabisa, bila vumbi la mwanga. Nikafuta kwa taulo. Nikamulika tena, ukungu upo.

Nilikaa chini nikatazama kwa muda mrefu. Alama za mashine ya kuzunguka hupinda, kila moja ni kipande cha duara. Hizi zilikuwa zimenyooka, kutoka kushoto kwenda kulia, njia ile ile ya mkono wangu. Mashine ilikuwa imemaliza kazi yake vizuri. Aliyekuwa anakwaruza rangi ni mimi na taulo langu, la maikrofaiba ndiyo, lakini lililofuliwa pamoja na matambara ya gereji mpaka likawa kama gunia, na lebo yake ngumu bado imeshonwa pembeni.

Nilikuwa na mataulo mawili mapya ndani ya nailoni, niliyoyaweka kwa ajili ya wateja wakubwa. Nikayakata lebo kwa wembe. Nikapiga kile kipande upya, nikanyunyizia spiriti niliyoichanganya na maji mengi, kwa sababu mafuta ya polishi hujaza mikwaruzo na kukudanganya mpaka gari ioshwe, kisha nikalilaza taulo juu ya unyevu na kulivuta bila kulisukumiza chini. Tukaisukuma gari mpaka buti ikafika juani.

Kile kipande kilikuwa na weusi wa kisima. Pembeni ya utepe, kijivu. Mpaka kati yake ulikuwa umenyooka kama ukingo wa kivuli.

Mengine yalikuwa kazi. Kipande baada ya kipande, tangu saa saba mchana, paa, milango, boneti nikaiacha ya mwisho. Sikula. Kijana alikuwa anaosha sponji na kuzikausha kwa feni, na kila tulipomaliza sehemu moja ya bodi tulimulika kwa tochi kutoka pembe tatu. Kwenye kona za mlango, ambako rangi huwa nyembamba, sikupitisha mashine kabisa. Nilipaka kwa mkono nikaacha. Alama mbili za zamani zilibaki huko, na niliona ni heri zibaki kuliko kumwonyesha mzee bati.

Alikuja magharibi, na taa za gereji zilikuwa zimewashwa. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu." Nikamwomba arudi asubuhi aione kwenye jua kabla hajanilipa. Alinitazama kidogo, akasema sawa.

Jumamosi saa mbili tuliisukuma nje mbele yake. Aliizunguka mara moja, mikono nyuma, kama anakagua madaftari. Kwenye boneti alisimama. Miti ya barabarani ilikuwa imo mle ndani, na nyaya za umeme, na yeye mwenyewe na kofia yake.

Nilimwonyesha zile alama mbili za mlangoni na nikamweleza kwa nini nimeziacha. Nikampa taulo moja kati ya yale mapya, nikamwomba vumbi lolote liondolewe kwa maji, wasifute kavu. Akalikunja vizuri akaliweka kwenye kiti cha mbele.

Kisha akampigia simu mtu wa kamati. Nilimsikia akisema riboni na maua wafunge kwenye vishikio vya milango tu, kwenye boneti wasiweke kitu.